Mistari miwili ya chini mbele ya kitenzi

Ukurasa wa 14 wa kijitabu chetu cha maneno ya Kisanga una neno ambalo halikupaswa kuwapo. Sitaliandika hapa. Nkambo wangu, mama yake mama, alilitaja mbele ya kinasa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo amenipa kwa kuwa mimi ni mjukuu, lakini karatasi isilibebe. Nikaahidi. Katika orodha yetu tulikuwa na alama maalum kwa ahadi za namna hiyo: neno likishawekewa alama ya "limefungwa", programu hailitoi kwenye ukurasa wa kuchapwa. Niliiandika alama hiyo kwa mkono wangu jioni ileile, kabla ya kula.

Tulichapa nakala 12, tukazigawa. Siku mbili baadaye mwenzangu wa darasa, yule anayeshughulika na toni, alinionyesha ukurasa wa 14. Nilikimbilia kompyuta, nikafungua programu, nikalitafuta neno. Lilikuwa limefungwa. Alama ilikuwa mahali pake kana kwamba haijawahi kutoka.

Nitasema nilichofikiri, ingawa hakinipi sifa. Nilifikiri mwenzangu aliiondoa alama, akachapa, kisha akairudisha. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akakana. Na kwa kuwa wiki chache kabla nilikuwa nimeona maneno kadhaa hayana alama ya "toni imehakikiwa", ilhali yeye aliapa kwamba ameyahakiki yote, nilijiona nina ushahidi wa pili.

Programu yetu iliandikwa na yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye kazi yake ni informatiki. Nilimpigia simu ili anisaidie kumshika mwenzangu. Alikuja Jumapili, akasoma msimbo wake mwenyewe kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akasema: "Mudogo, haiko yeye. Ni miye."

Kila neno katika orodha lina baiti moja ya alama, yaani biti nane, na kila biti inajibu swali moja la ndiyo au hapana. Biti ya kwanza: limerekodiwa? Ya pili: wingi wake umeandikwa? Ya tatu: toni imehakikiwa? Na kuendelea hadi ya sita, ambayo ni ya kufungwa. Programu ikifunguliwa hujenga jedwali upya kutoka kwenye faili mbili, moja yangu na moja ya mwenzangu. Ili isichelewe, yaya aliigawa kazi kwa nyuzi mbili zinazokwenda pamoja. Uzi mmoja unasoma faili yangu na kuweka alama zangu, uzi wa pili unasoma faili ya mwenzangu na kuweka zake. Zote mbili zinapita juu ya orodha ileile, kutoka A hadi Z, kwa wakati mmoja.

Yaya alichukua kalamu. Chukua neno la nkambo, akasema. Mwanzoni baiti yake ni 00000011: limerekodiwa, wingi upo. Uzi wangu unaisoma baiti hiyo. Uzi wa mwenzangu unaisoma pia, bado ni 00000011. Wangu unaongeza biti ya sita, sasa mkononi mwake una 00100011. Wake unaongeza biti ya tatu, mkononi mwake una 00000111. Wangu unaandika. Wake unaandika juu yake. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni 00000111. Toni imehakikiwa, na neno halijafungwa. Hakuna aliyefuta kitu. Kila mmoja aliongeza tu, na bado kitu kimepotea.

Mara nyingine zinapishana kwa namna nyingine, na ndipo alama ya toni inapopotea badala ya yangu. Mara nyingi hazikutani kabisa na kila kitu kinakuwa sawa. Ndiyo sababu nilipofungua programu baada ya siku mbili neno lilikuwa limefungwa: jedwali lilijengwa upya, na safari hiyo nyuzi hazikugongana hapo.

Swali langu la kwanza lilikuwa la mwanafunzi wa isimu. Katika msimbo wa yaya, kitendo hicho kimeandikwa kwa sentensi moja ya lugha ya C, yenye alama |= katikati, maana yake "ongezea biti hii". Sentensi moja, kitenzi kimoja. Hizo hatua tatu zilitoka wapi? Akanionyesha kitu kilichonikera zaidi. Kompaila ilikuwa imeitafsiri sentensi ile kuwa amri moja tu ya prosesa, amri ya or inayogusa kumbukumbu moja kwa moja. Kwa hiyo hata katika lugha ya mashine ni neno moja. Lakini ndani ya neno hilo prosesa inasoma, inaongeza, inaandika. Sisi tungesema: ikasoma, ikaongeza, ikaandika. Kiswahili kinalazimika kuweka -ka- mara mbili tatu na kuonyesha kwamba kuna matukio yanayofuatana. |= inazimeza zote, na kila -ka- iliyomezwa ni upenyo ambao mwingine anaweza kupitia.

Yaya alikuwa na utetezi mmoja, na ni utetezi wa kweli. Aliiandika na kuijaribu programu kwenye kompyuta yake ya zamani yenye prosesa ya kiini kimoja. Huko, nyuzi mbili haziendi pamoja kwa kweli. Zinapokezana, na prosesa haiachi kazi katikati ya amri moja ili kushughulikia uzi mwingine. Hukatiza kati ya amri na amri. Kwa hiyo amri ile ya or, hata bila ulinzi wowote, haikuweza kukatwa. Aliijaribu mwezi mzima na haikupoteza hata biti moja. Kompyuta yangu ina viini viwili. Viini viwili vinaweza kuwa ndani ya amri ileile, juu ya baiti ileile, kwa wakati mmoja kabisa. Msimbo haukubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni idadi ya waliomo chumbani.

Ili nione jambo hili kwa utulivu, yaya hakunipa kitabu cha mafunzo. Alifungua msimbo wa kerneli ya Linux. Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa, inayogawa kumbukumbu, diski na muda wa prosesa. Alisema kwamba huko ndani kuna alama za biti moja moja kila mahali, na kwamba watu wake wamelazimika kulitatua tatizo letu na, muhimu zaidi kwangu, kulipa majina. Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta ya prosesa moja. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 ndilo lililokuja na uwezo wa kutumia prosesa nyingi. Yaani kerneli nzima ilipita katika mlango uleule ambao programu yetu ilipita Jumapili ile, ila wao walijua wanapita.

Majina yenyewe ni haya. Kuweka biti ni set_bit. Kuiondoa ni clear_bit. Kuigeuza ni change_bit. Na kila moja ina pacha wake mwenye mistari miwili ya chini mbele: __set_bit, __clear_bit, __change_bit. Ile isiyo na mistari ni ya atomiki, kwa maana ya zamani ya Kigiriki ya kitu kisichokatika. Kwa mtazamaji yeyote kwenye kiini chochote, biti ama bado haijawekwa ama imeshawekwa, na biti za jirani hazipotei. Ile yenye mistari miwili si ya atomiki. Inasoma, inaongeza, inaandika, na akipita mtu katikati, shauri lake.

Nilipoona jozi hiyo nilisahau kwa muda kwamba nilikuwa na hasira. Katika darasa la mofolojia tunajifunza kwamba kwenye jozi ya maumbo, moja mara nyingi ni tupu na jingine limebeba alama, na kwamba umbo tupu ndilo la kawaida, lile linalotumika pale mtu asipokuwa na sababu ya kuchagua. Hapa umbo tupu ni la ulinzi. Mtu anayeandika kerneli bila kufikiri sana, akaandika set_bit, amelindwa. Akitaka kuachana na ulinzi ni lazima aongeze kitu, aandike mistari miwili, mkono wake ushuhudie.

Sasa shuka ngazi moja, kwenye lugha ya mashine ya prosesa za familia ya x86, na utakuta kinyume. Huko amri tupu, kama or au bts, ndiyo isiyo na ulinzi. Inayolindwa ni ile iliyotanguliwa na baiti moja ya ziada, F0, iitwayo lock. Na watengenezaji wa prosesa hizo, katika vitabu vyao, huiita baiti hiyo jina lilelile tunaloliita sisi: kiambishi awali. Kwa hiyo set_bit tupu ya juu hutafsiriwa kuwa amri yenye kiambishi chini, na __set_bit yenye alama juu hutafsiriwa kuwa amri tupu chini. Jozi ni ileile ila mzigo wa alama umehamia upande wa pili. Prosesa inaanzia kwenye hali ya mtu mmoja, ikidhani yuko peke yake mpaka aseme sivyo. Kerneli inaanzia kwenye hali ya wengi, ikidhani kuna wengine mpaka mtu aape kwamba hawapo. Mtu aliyebuni majina hayo aliamua lipi liwe la kawaida, na uamuzi huo ni wa lugha kabla ya kuwa wa mashine.

Kuna jambo dogo ambalo nimewasimulia wenzangu darasani mara nyingi kuliko wanavyotaka kulisikia. Kerneli hiyo ya x86 ikiwaka na kugundua kwamba kompyuta ina prosesa moja tu, inaweza kupita katika msimbo wake yenyewe na kuzifuta lock. Haiziondoi, kwa sababu kuondoa baiti kungesogeza kila kitu kinachofuata. Inaandika 3E mahali pa F0. 3E nayo ni kiambishi, cha kazi nyingine kabisa, ambacho hapo hakina athari. Kiambishi kimebaki mahali pake, nafasi yake imehifadhiwa, maana imekwenda. Sisi tunaosoma lugha za Kibantu tumezoea kukuta viambishi vya namna hiyo, ila hatujawahi kukuta lugha inayovitengeneza kwa makusudi kila asubuhi inapoamka.

Rudi kwenye mistari miwili. Swali linalofuata ni kwa nini __set_bit ipo. Kama umbo tupu ni salama, kwa nini kutunza pacha wa hatari? Jibu la yaya lilikuwa la bei. Ulinzi unagharimu: kiini kinachotumia lock lazima kihakikishe kwamba hakuna kiini kingine kinachoshika sehemu ile ya kumbukumbu wakati huo, na wengine wanasubiri. Ukifanya hivyo mamilioni ya mara pale ambapo hakuna mwingine yeyote, unalipa mlinzi wa nyumba isiyo na jirani.

Mfano alionionyesha ni wa kurasa za kumbukumbu. Kerneli hugawa kumbukumbu kwa kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4 kwenye x86, na kila ukurasa una neno moja la alama: umefungwa, umechafuka, umetumiwa karibuni, na kadhalika, biti nyingi katika neno moja, kama baiti yetu ila kubwa zaidi. Ukurasa ukishakuwa katika matumizi, sehemu mbalimbali za kerneli hulifikia neno hilo bila kuulizana, kwa hiyo alama zake hubadilishwa kwa operesheni za atomiki. Lakini ukurasa uliotoka kugawiwa sasa hivi, ambao haujawekwa bado mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuufikia, unaweza kuwekewa alama kwa umbo lenye mistari miwili. Hakuna mwingine anayejua kwamba upo. Kitendo ni kilekile, biti ni ileile. Tofauti ni kile ambacho mwandishi anakijua kuhusu hali ya wakati ule.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mistari ile haiko mbali na kitu tunachokijua. Katika Kiquechua cha Cuzco, msemaji hutia kwenye sentensi yake kiambishi kinachoonyesha jinsi alivyolijua jambo: -mi kama analishuhudia mwenyewe, -si kama amelisikia kwa wengine, -chá kama anakisia. Viambishi hivyo havibadilishi kilichotokea. Vinasema juu ya msemaji na ujuzi wake. Mistari miwili ya chini ni ya ukoo huo. __set_bit haisemi "weka biti kwa namna nyingine". Inasema "weka biti, na mimi ninayeandika ninashuhudia kwamba hapa hakuna mwingine", ama kwa sababu kitu bado ni kipya, ama kwa sababu wote wanaokigusa wamekubaliana kushika kufuli moja kwanza.

Na kama ilivyo kwa ushuhuda wowote, unaweza kuwa uongo. Kompaila haiulizi. Sentensi ni sahihi kisarufi, inapita, inafanya kazi leo na kesho. Ubaya wake ni kwamba anayeumia si lazima awe aliyesema uongo. Hili lilinichukua muda kulielewa. Nilidhani ukitumia set_bit ya atomiki umejilinda. Sivyo. Ukitumia set_bit wewe, na mwingine akatumia __set_bit kwenye neno lilelile kwa wakati uleule, yeye anaweza kuwa alishasoma kabla yako na akaandika baada yako, na biti yako uliyoiweka kwa uangalifu wote imekwenda. Ulinzi ni mkataba wa wote wanaoligusa neno. Mmoja asiyeufuata anatosha.

(Niseme pia, kwa anayetaka kwenda kusoma mwenyewe, kwamba mistari hiyo miwili ina maana nyingi katika kerneli. Kuna __get_user, ambayo hutofautiana na get_user kwa kuruka ukaguzi wa anwani, jambo lisilohusu atomiki hata kidogo. Ukizikusanya zote, kinachobaki kama maana ya pamoja ni kitu kama "hapa sikukagua, nimeshajua". Ni mada ya tasnifu ya mtu mwingine.)

Katika familia hiyo kuna kitenzi kimoja ninachokipenda kuliko vyote: test_and_set_bit. Kinaweka biti na, katika tendo lilelile lisilokatika, kinakurudishia ilivyokuwa kabla. Fikiria vifaa vya mlinzi wa muda, vile vinavyoiwasha upya kompyuta iliyoganda. Viendeshi vyake vingi huruhusu programu moja tu kukifungua kifaa. Kiendeshi kinafanya test_and_set_bit kwenye biti ya "kimefunguliwa". Ikirudi sifuri, wewe ndiye wa kwanza, ingia. Ikirudi moja, kuna mtu, unapewa jibu kwamba kifaa kina shughuli. Wakija wawili kwa mara moja, mmoja tu atapewa sifuri. Ukifanya mambo hayo kwa vitenzi viwili, yaani angalia kisha weka, wote wawili wanaweza kuangalia, wote wawili wakaona pako wazi, wote wawili wakaingia. Kila aliyewahi kugombea kiti cha mwisho kwenye basi dogo la mjini hapa Lubumbashi anajua tofauti kati ya kuuliza kama kiti kina mtu na kukikalia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Linux: mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilikuwa na amri moja ya namna hiyo, kujaribu na kuweka kwa pamoja.

Prosesa za familia ya ARM, ambazo ziko katika simu nyingi mifukoni mwetu, zina njia nyingine iliyonivutia kwa upole wake. Umbo lake la msingi halifungi mlango. Linasoma kwa amri maalum inayosema "ninaangalia hapa", linaongeza, kisha linajaribu kuandika kwa amri inayokubali tu kama hakuna aliyegusa tangu liliposoma. Kama kuna aliyegusa, maandishi yanakataliwa na kazi inaanza tena. ARM za baadaye zimeongezewa amri za neno moja kwa kazi hiyo, lakini msomaji wa isimu ataipenda ile ya kwanza, kwa sababu inakiri hatua zake tatu waziwazi na bado inafika.

Nimeruka suala la mfuatano, ambalo waraka wa kerneli kuhusu operesheni hizi unalitenga kabisa. Kutokatika si kufuatana. set_bit haikatiki, lakini haiahidi kwamba yale uliyoandika kabla yake yataonekana kwa wengine kabla yake. test_and_set_bit inaahidi. Ni kama vitenzi viwili ambavyo kimoja kina -ka- na kingine hakina. Kwa tatizo letu halikuhusika, nami sijalimudu kiasi cha kulifundisha.

Yaya alitaka kurekebisha haraka. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuacha biti za kuhesabu na kumpa kila alama jina lake, kwa maana C inaruhusu kugawa neno katika sehemu zenye majina, biti moja kila moja. Ukiandika neno.limefungwa = 1 na mwenzio akaandika neno.toni = 1, inaonekana mnagusa vitu viwili. Alianza kuandika, akasimama, akafuta. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kinasema wazi kwamba sehemu za biti zinazopakana huhesabiwa kuwa mahali pamoja pa kumbukumbu. Kompaila itasoma neno zima na kuliandika zima. Majina mawili, mahali pamoja. De Saussure angefurahi, mimi sikufurahi.

Mwishowe alitumia operesheni za atomiki ambazo kiwango hicho hicho kiliziongeza kwenye C, zinazofanya kwa programu za kawaida kazi ambayo set_bit inafanya ndani ya kerneli. Kabla ya kubadilisha, alifanya jambo nililomwomba kwa ajili ya mwenzangu: aliikompaili programu ya zamani pamoja na ThreadSanitizer, kifaa kinachofuatilia ni uzi gani unagusa nini na lini. Kerneli ina ndugu yake, KCSAN, tangu mwaka 2020. Iliripoti mara ya kwanza tu tulipoiwasha, ikataja mstari wenyewe. Kisha aliandika jaribio dogo: nyuzi mbili, baiti moja, kila uzi unaweka biti yake na kuiondoa, tena na tena, na kuhesabu mara inapoikuta biti yake si kama ilivyoiacha. Kwenye kompyuta yake ya kiini kimoja, sifuri. Kwenye yangu, hesabu ilipanda mbele ya macho yetu, na kila tulipolirudia jaribio ilitoka namba nyingine. Kwa umbo la atomiki, sifuri kwenye zote mbili.

Nilimpelekea mwenzangu karatasi ya jaribio hilo na nikamwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia tuhuma yangu. Alisoma karatasi hadi mwisho. Alisema amenisamehe, na kwamba toni 40 nilizomfanya azihakiki upya alizihakiki usiku, na kwamba safari ijayo nimuulize yeye kwanza kabla ya kuuliza wengine. Sasa faili yake na yangu zinapita katika programu iliyorekebishwa. Maneno yaliyofungwa nimeyatoa kwenye orodha kabisa. Yako katika daftari, nyumbani. Yaya aliona hilo ni kupita kiasi, maana sasa biti haipotei. Nilimwambia kwamba ahadi ya nkambo haikupaswa kulala katika baiti moja na swali la wingi na swali la toni.

Nilibaki na kazi ya kwenda kwake. Nilikwenda na nakala moja ya kijitabu, nikamfungulia ukurasa wa 14, nikamweleza kwa kifupi kwamba watu wawili waliandika pamoja na mmoja akafunika maandishi ya mwingine bila kumwona. Hakuuliza habari za kompyuta. Alikiangalia kijitabu, akakikunja, akakiweka chini ya mto wa kiti chake.

"Mulipatia batu ngapi?"

"Kumi na wawili, nkambo."

"Birudia ngapi?"

"Tisa."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, ingawa hesabu si kubwa. "Bale batatu," akasema, "utabafuata."

Wawili nimewapata wiki iliyopita. Wa tatu amehamia Kolwezi, nami ninasubiri likizo ili nipande basi.